Kutch sio patupu, waulizeni wachimba visima wa Banni

Ukipita barabara ya Mizingani pale Zanzibar, karibu na bandari, kuna lile jumba la zamani la dispensari lenye veranda za mbao zilizochongwa utadhani zimedariziwa, wageni wanalipiga picha kila siku na sisi wenyewe tunalipita tu maana tumeshalizoea. Aliyeanza kulijenga mwaka 1887 ni Tharia Topan, Mkhoja tajiri, ndo huyo aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip na wenzake wa misafara ya pembe, akafa 1891 jumba halijaisha, likaja kumalizika 1894. Wengi wanajua mpaka hapo. Ila ukiuliza huyu mtu alitoka wapi utaambiwa alitoka India, basi, kama vile India ni mtaa. Alitoka Lakhpat, mji ulioko ukingoni kabisa mwa wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, jirani na mpaka wa Pakistan ya leo, na mji wenyewe hivi sasa una ukuta wa ngome wa kilomita kama 7 na ndani ya ukuta wote huo wanaishi watu mia kadhaa tu.

Kilichoumaliza mji ule ni maji kuhama. Tarehe 16 Juni 1819 tetemeko kubwa lilipiga Kutch, ardhi upande wa kaskazini ikainuka ikafanya tuta refu la makumi ya kilomita, kwenda juu mita kadhaa, wenyeji wakaliita Allah Bund, yaani tuta la Mungu, maana halikujengwa na mtu. Tuta hilo likakata tawi la mto Indus lililokuwa linaleta maji upande wa Lakhpat, ngome ya Sindri ikazama, mashamba ya mpunga yakafa kwa chumvi, na bandari iliyokuwa inaishi kwa biashara na Sindh, upande wa Pakistan ya leo, ikaanza kukauka polepole kama mti uliokatwa mizizi. Tharia alizaliwa miaka michache tu baada ya hapo. Akaondoka bado mtoto, akaja Unguja.

Mimi nikisoma habari za Kutch kila mara narudi kwenye kitu hichohicho, maji. Afu narudi kwenye neno moja ambalo serikali, kuanzia za mkoloni mpaka za leo, zimekuwa zikiliandika kwenye ramani juu ya sehemu kubwa ya wilaya hii, kwamba ni ardhi isiyofaa, ardhi ya bure, patupu. Na naamini kabisa kwamba karibu kila kosa kubwa lililofanyika Kutch kwa miaka mia sasa limeanzia kwenye neno hilo, kwa sababu mtu akishasema hapa ni patupu hatua inayofuata ni kupajaza kitu chake.

Kwanza tuelewane ukubwa. Kutch ndo wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674, ukichukua Rwanda nzima ukaiweka ndani inabaki nafasi kubwa tu. Sensa ya 2011 ilihesabu watu kama milioni 2 na laki moja hivi, kwa hiyo kwa India ambako watu wamebanana ni kweli kuna nafasi. Lakini karibu nusu ya eneo hilo ni Rann, ile tambarare ya chumvi ambayo kipindi cha masika inageuka maji ya kina kifupi na kipindi cha kiangazi inakauka inakuwa nyeupe mpaka macho yanauma. Zamani ilikuwa sehemu ya bahari. Katikati yake kuna visiwa ambavyo wenyeji wanaviita bet, na huko ndani ya Rann kwenyewe korongo wekundu, wale flamingo kama wa Nakuru na Natron, wanakuja kuzaliana kwa maelfu mengi mvua ikiwa nzuri. Upande wa Rann Ndogo wanakimbia punda mwitu wa aina ya India, ambao duniani wamebaki karibu wote hapo. Sasa pahala penye vitu vyote hivi unapaitaje patupu?

Kusini mwa Rann Kubwa kuna Banni. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote nikisoma habari za wilaya hii, uwanda wa majani wa kilomita za mraba kama 2,500, na wanaoishi humo ni wafugaji wanaoitwa Maldhari, maana yake wenye mali, na mali hapo ni mifugo, sawa kabisa na sisi tunavyosema fulani ana mali ukimaanisha ng'ombe. Wengi wao ni Waislamu wa koo kama Jat, Mutwa na Halepotra, na wapo Wahindu wa Meghwal wanaotengeneza ngozi na kudarizi. Wana nyati wao wa maziwa, weusi, pembe zimejikunja, ambao usiku wanaachiwa waende malishoni wenyewe bila mchungaji na alfajiri wanarudi nyumbani kukamuliwa. Mwaka 2010 serikali ya India ikawatambua rasmi kama aina ya pekee ya nyati, na hiyo kazi ya kuwachagua na kuwazalisha vizazi na vizazi waliifanya hawa wafugaji wa pahala panapoitwa hapafai kitu.

Na maji wanayapataje wakati chini kote ni chumvi? Hapa ndo ujuzi wenyewe. Mvua ya Kutch kwa wastani ni milimita 350 mpaka 400 kwa mwaka, na kuna miaka hainyeshi kabisa ya maana. Maldhari wanajua sehemu za mabonde madogo ambako maji ya mvua yanatuama, wanachimba humo visima vifupi vinaitwa virda, na maji matamu ya mvua yakishanywea ardhini yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Kwa hiyo unachota ile tabaka ya juu taratibu, ukiwa na pupa ukachimba sana au ukachota kwa fujo chumvi inapanda na kisima kimekufa. Watu wa Jambiani na Paje na visiwa vyote vya matumbawe wataelewa haraka hili jambo, kisima cha pwani nacho hakitaki pupa. Hii sio bahati, ni elimu, na kwa maoni yangu ingekuwa imeandikwa na chuo kikuu kingine ingepewa zawadi.

Elimu hiyo ina umri. Kwenye kisiwa cha Khadir katikati ya Rann kuna Dholavira, mji wa ustaarabu wa bonde la Indus, watu wameishi pale kwa takriban miaka 1,500 kuanzia kama miaka 3,000 kabla ya Kristo. Mtaalamu wa mambo ya kale Jagat Pati Joshi aliufikia miaka ya 1960 mwishoni, na kuanzia 1990 R. S. Bisht akauchimba kwa miaka mingi, na 2021 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu wanapenda sana kuzungumzia ule ubao wa maandishi uliokutwa karibu na lango la kaskazini, alama 10 kubwa ambazo mpaka leo hakuna aliyeweza kuzisoma, na ni kweli inasisimua. Ila mimi kinachonishika ni mabwawa. Mji ulikaa kati ya vijito viwili, Mansar na Manhar, vyote vya msimu, maji yanapita siku chache tu kwa mwaka, na wale watu wakajenga vizuizi kwenye vijito, wakachonga mabwawa makubwa kuzunguka mji, mengine yamekatwa ndani ya mwamba, moja lina urefu wa mita zaidi ya 70 na kina cha kama mita 10 na ngazi za kushukia. Sehemu kubwa ya ndani ya ukuta wa mji waliitoa kwa ajili ya maji. Yaani mtu wa miaka 4,500 iliyopita alishajua kwamba hapa anayehifadhi mvua ndo anayebaki.

Sasa njoo mwaka 1961. Idara ya misitu ikaiangalia Banni ikaona chumvi ya Rann inasogea, ikaona miti hakuna, ikaamua kupanda mti kutoka Amerika ya Kusini, Prosopis juliflora, zaidi ya hekta 30,000. Kutch wanauita gando baval, yaani mgunga kichaa, msomaji wa Kenya anaujua kwa jina la mathenge. Hadithi ya Baringo miaka ya 1980 na hadithi ya Banni ni moja, unaletewa mti wa kuzuia jangwa, hauliwi na mbuzi ukiwa mdogo, mizizi inakwenda chini kutafuta maji, maganda yake matamu yanaliwa na mifugo na mbegu zinasafiri tumboni zinapandwa upya na samadi, na baada ya miaka 20 huna tena malisho una kichaka cha miiba. Kule Baringo wananchi walifikia kumpeleka mbuzi aliyeng'oka meno mahakamani Nairobi awe ushahidi, maana sukari ya yale maganda inamaliza meno. Kule Banni mti umeshameza zaidi ya nusu ya uwanda. Ng'ombe wa asili walipungua kwa sababu maganda yanawaua, nyati wakahimili, wafugaji wakabadilisha mifugo.

Na hapo lazima niseme upande wa pili kwa haki, kwa sababu mambo hayajakaa rahisi. Kuna familia nyingi Banni sasa hivi zinakula kwa mkaa wa gando baval. Serikali iliruhusu mkaa 2004, ikafunga tena 2008, na kila ikifunguliwa na kufungwa anayeumia ni yule wa chini. Halafu baadhi ya watu wakaona heri kulima, wakazungushia ua mashamba ndani ya malisho ya wote, na hilo likawagawa wafugaji wenyewe. Chama chao cha wafugaji wa Banni kilichoanzishwa 2008 kilikwenda kwenye mahakama ya mazingira, na 2021 mahakama ikaagiza nyua hizo ziondolewe na ikathibitisha kwamba Maldhari wana haki yao kwenye ardhi ile. Kuagiza ni kitu kimoja, kutekeleza kinachukua muda, ila angalau kwenye karatasi ya mahakama imeandikwa kwamba pana wenyewe.

Lakini neno patupu halijafa. Kaskazini ya Khavda, karibu kabisa na mpaka wa Pakistan, sasa hivi kunajengwa shamba la umeme wa jua na upepo la kilomita za mraba 726, lengo ni gigawati 30, litakuwa kubwa kuliko yote duniani. Mimi siupingi umeme wa jua, makaa ya mawe yanatuua sote. Nachopinga ni ile sentensi inayokuja kwenye kila taarifa kwamba eneo lilikuwa halina kitu. Kuna ndege mkubwa wa nchi kavu anaitwa ghorad, jamii ya tandawala, India nzima wamebaki pengine chini ya 150, na upande wa Abdasa huku Kutch hesabu za miaka ya karibuni zilikuta majike machache tu bila dume, na moja ya vitu vinavyowamaliza ni nyaya za umeme, maana ni mzito na haoni vizuri mbele akiruka. Mahakama ya Juu ya India 2021 iliamuru nyaya zipitishwe chini ya ardhi kwenye maeneo yake, 2024 ikalegeza kwa sababu ya gharama na malengo ya nishati. Unaona mwenyewe nani alikuwa na sauti.

Upande wa baharini nako vilevile. Pwani ya Kutch kwenye ghuba ina mikoko, na kwenye mikoko kuna ngamia wa ajabu, kharai, wanaogelea. Kweli kabisa, wanaingia baharini kundi zima, shingo juu, wanavuka mkondo mpaka kwenye visiwa vya mikoko wanakula majani ya chumvi, wanakaa siku kadhaa, wanarudi nchi kavu kunywa maji. Wanaowachunga ni Fakirani Jat, na Rabari nao wana makundi yao. Walitambuliwa kama aina ya pekee 2015. Sasa bandari, viwanda na mashamba ya chumvi yanataka ufuo huohuo, na karibu na Kandla mifereji ya maji ya bahari iliwahi kuzibwa ili kutengeneza mashamba ya chumvi, mikoko ikafa imesimama, wafugaji wakaenda mahakamani na 2019 wakashinda amri ya kwamba mikondo ifunguliwe.

Mundra ndo mfano mkubwa kuliko wote. Ilikuwa bandari ndogo ya majahazi, leo ni bandari ya kibiashara kubwa kuliko zote India, na pembeni yake kuna mitambo mikubwa ya umeme wa makaa. Wavuvi na wakulima wa pale walikwenda mpaka mahakama za Marekani kuishtaki IFC, ule mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha makampuni, kwamba imetoa mkopo wa mtambo mmoja bila kuhakikisha mazingira yanalindwa, maji ya moto yanafukuza samaki, majivu yanaanguka kwenye samaki waliotandazwa kukauka. Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura 7 kwa 1 kwamba taasisi kama hizo hazina kinga kamili ya kutoshtakiwa. Kesi yenyewe baadaye ilitupwa kwa sababu nyingine za kisheria, wavuvi hawakulipwa. Hata hivyo jina la mvuvi wa Kutch, Jam, limebaki kwenye sheria ya dunia, na wanafunzi wa sheria Nairobi na Dar watalisoma.

Nimesema maji ndo yalimfukuza Tharia Topan. Hakuwa peke yake. Mandvi, mji wa bandari ulioko mdomoni mwa mto Rukmavati, mpaka leo wanaunda majahazi ya mbao kwenye mchanga wa mto bila ramani ya karatasi, fundi mkuu anayo kichwani, na kutoka hapo kwa mamia ya miaka kotia zilishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, zikapanda na kusi. Zilileta kaniki na vitambaa, mchele, samli, zikarudi na pembe, karafuu, sandarusi. Forodha ya Sultani wa Zanzibar, yaani ushuru wa nchi nzima, ilikuwa imekodishwa kwa miaka zaidi ya 50 kwa sehemu kubwa na nyumba moja ya Mabhatia wa Kutch, wafanyabiashara wa Kihindu, ya Jairam Shivji. Alidina Visram alitoka kijiji cha Kera, akaja bado kijana akaishia kuwa na maduka kutoka Bagamoyo na Mombasa mpaka ndani ya Uganda, shule yenye jina lake iko Mombasa. Sewa Haji, ambaye pesa zake zilijenga hospitali Dar es Salaam enzi za Wajerumani, ukoo wake ni wa Kutch. Halafu wakaja Waleva Patel wa vijiji vya Baladia, Sukhpar, Madhapar, mafundi wa mawe na ujenzi, sehemu kubwa ya Nairobi na Mombasa imesimama kwa mikono yao.

Na tuseme yote. Pesa za Kutch ziliendesha pia biashara ya watumwa, kwa kukopesha misafara na mashamba ya karafuu, na majahazi ya Mandvi yalirudi na watu. Wajukuu wa watu wetu wale wapo hukohuko Kutch mpaka leo, Bhuj, Mundra, Mandvi, wanaitwa Masidi. Wanazungumza Kikutchi na Kigujarati, lugha ya bara waliyotoka imepotea mdomoni karibu yote, lakini ngoma yao inaitwa goma, na mtu yeyote wa pwani akilisikia neno hilo hahitaji mkalimani. Wana upinde wa muziki wenye kibuyu unaoitwa malunga, wapigaji wamebaki wachache mno. Mimi nikifika kwenye habari za Masidi huwa nasimama kusoma kwa muda, kwa sababu huko India wanahesabiwa miongoni mwa watu wa chini kabisa, na huku kwetu hakuna anayewataja. Tunalitaja jumba la dispensari, tunawataja matajiri, na hawa ambao ni damu yetu hatuwajui hata jina. Lugha nayo ilisafiri pande zote mbili. Gari, gunia, bima, laki, bangili, tumevipokea kutoka lugha za kule, na Wakutchi wa Mombasa na Nairobi Kikutchi chao kimejaa Kiswahili mpaka wakienda Bhuj ndugu zao wanawashangaa.

Hela za wahamiaji zilirudi. Madhapar ni kijiji lakini kina matawi ya benki zaidi ya 10, amana za watu walioko London, Nairobi, na Ghuba. Hichohicho kijiji ndo wanawake wake kama 300 walitoka Desemba 1971, kwenye vita na Pakistan, ndege za adui zimeshavunja uwanja wa ndege wa Bhuj, wakautengeneza upya kwa saa 72, wanajificha vichakani king'ora kikilia kisha wanatoka wanaendelea. Na mwenyewe unaona kuna pengo hapa, kijiji kimoja kina mabilioni benki na kilomita 80 kutoka hapo mfugaji hana hati ya malisho, pesa za wahamiaji zimejenga hospitali na shule na mahekalu mazuri sana lakini zimefuata ukoo na kijiji, hazijafika Banni.

Tarehe 26 Januari 2001, sikukuu ya Jamhuri, saa 2 na dakika 46 asubuhi, ardhi ikapiga tena. Kipimo 7.7. Waliokufa Gujarat kwa hesabu ya serikali ni zaidi ya 13,000, hesabu nyingine zinafika 20,000, na wengi mno ni wa Kutch. Bhachau ulilala chini karibu wote. Anjar watoto wa shule walikuwa kwenye maandamano ya sikukuu wanapita kwenye vichochoro vyembamba, kuta zikawaangukia, walikufa zaidi ya 180 pamoja na walimu wao. Siwezi kuandika hili haraka. Na kwenye maafa hayo kuna kitu wajenzi walikiona, nyumba za ghorofa za saruji zilizojengwa ovyo zilianguka, na zile bhunga za Banni, nyumba za msonge, za duara, udongo na fito, paa la majani, nyingi zikabaki zimesimama. Duara halina kona ya kupasuka. Watu wa shirika la Hunnarshala pale Bhuj walilichukua somo hilo, wakajenga na wenyeji kwa udongo ulioimarishwa, na wenye nyumba wakasimamia wenyewe, tofauti na kule ambako mfadhili anashusha safu za vyumba vya aina moja watu wanahamia kwa shingo upande.

Tetemeko lilihamisha maji pia, tena. Dhamadka ni kijiji cha Makhatri wanaochapa ajrakh, kitambaa cha nili na wekundu chenye nyota na maua ya kijiometri, kazi ya hatua 14 mpaka 16, unaloweka na kinyesi cha ngamia na mafuta, unapika na ganda la komamanga, unachapa chokaa, unachapa chuma kilichochacha na sukari guru, unatumbukiza kwenye nili, unafua, unaanika, unarudia. Kila hatua ni maji, na chuma kikizidi kwenye maji rangi zinaharibika. Mto wao ulishakauka, baada ya 2001 maji ya visima nayo yakabadilika, ndo Ismail Mohammed Khatri na wenzake wakanunua ardhi karibu na Bhuj wakaanzisha kijiji kipya wakakiita Ajrakhpur. Fikiria kwamba kijiji kizima kinahama kufuata ladha ya maji ili rangi isife.

Huu ndo urithi ninaousifu, unaobishana na hali yake. Hata Rabari wa ukoo wa Dhebaria, wanaojulikana dunia nzima kwa kudarizi na vioo vidogo, mwaka 1995 wazee wao walipiga marufuku wanawake kuvaa na kutengeneza darizi hizo kwa matumizi yao, kwa sababu mahari yalishadai vitambaa vingi mno mpaka binti anakaa miaka nyumbani anashona na ndoa inachelewa. Watalii walihuzunika, mimi naona jamii ina haki ya kuamua uzuri wake una bei gani, japo najiuliza wanawake wenyewe waliulizwa kiasi gani.

Sasa serikali ya Gujarat kila msimu wa baridi inasimamisha mji wa mahema pale Dhordo, tamasha la Rann, watu wanatoka Mumbai na Ahmedabad kuangalia mwezi juu ya chumvi nyeupe, na 2023 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa likakipa Dhordo tuzo ya kijiji bora cha utalii. Pesa inaingia, vijana wanapata kazi, darizi zinauzwa. Nafurahi nao. Ila picha zote za matangazo ni zilezile, weupe mtupu na mtu mmoja kasimama mbali, na ndo kulekule tunarudi, kuuza utupu wa pahala pasipokuwa patupu, wakati kilomita chache kutoka hemani kuna mtu anayejua kuchota maji matamu juu ya chumvi na hakuna anayemlipa kwa kuonyesha hilo. Mfereji wa maji ya mto Narmada sasa umefika, tawi la Kutch lenye kilomita 357 lilizinduliwa 2022, na wakulima wa kusini wanapanda vitu ambavyo babu zao hawakuviota. Hofu yangu ni kwamba bomba likifika virda zitasahaulika, na mwaka ambao mfereji hautakuwa na maji ya kutosha hatakuwepo wa kukumbuka pa kuchimba.

Bhuj mjini, chini ya majumba ya wafalme, kuna ziwa la kuchimbwa linaitwa Hamirsar, lina karne kadhaa. Sio kila mwaka linajaa, inaweza kupita miaka. Likifurika siku hiyo inatangazwa sikukuu, ofisi na shule zinafungwa, mkuu wa mji anakwenda kuyakaribisha maji kwa maua, wanapika ladu za mvua wanagawa, watu maelfu wanasimama ukingoni wanaangalia maji yakimwagika tu. Afu simu zinaanza kupigwa, Mombasa, Nairobi, Dar, London, Muscat, bibi wa miaka 80 Parklands anaambiwa na mpwa wake kwamba Hamirsar limejaa, na anauliza limefika mpaka ngazi ya ngapi.